Mke Mwenza wa Fundi Makochi

Fundi makochi alikaa mezani na kidole chake cha shahada kimenyooka juu kama mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka darasani. Kidole kilikuwa kimefungwa kitambaa cheupe, kikubwa mara nne ya jeraha lenyewe, maana alikifunga mwenyewe na alitaka kionekane. Mashine ya pini ilikuwa imemdunga jana mchana akivuta ngozi kwenye mgongo wa kochi. Tangu hapo alikuwa amekula nacho, amenawa nacho, amewasha taa nacho, na asubuhi alikipitisha mbele ya pua ya mkewe akijifanya anamwonyesha mbu ukutani. Mkewe akatazama ukuta, akasema hapana mbu, akaenda zake kazini.

Sasa walikuwa wanakula cha jioni, naye alikuwa amekiegemeza kidole kwenye jagi la maji, mahali ambapo hata kipofu angekigonga. Simu ya mkewe ikalia. Mkewe akaitikia, akasikiliza kwa muda wa kumeza tonge moja tu.

"Hukulala jana, mama," alisema. "La, hujaniambia, nimesikia unavyovuta pumzi. Kikao cha kesho saa mbili nakisogeza hadi saa tatu. Haya, kapumzike."

Akaiweka simu kando ya sahani, akaendelea kula.

Fundi akaweka kijiko chini. "Kumbe mtu asiyelala unamsikia kwa pumzi?"

"Kwa pumzi, kwa hatua zake, kwa anavyofunga mlango. Ndiyo kazi yenyewe."

"Na mimi niko hapa siku ya pili napeperusha bendera."

"Bendera gani?" Mkewe akainua macho. "Ee! Nani kakufunga kidole?"

Fundi alikishusha kidole chini ya meza, akakificha kama mtu anayeficha cheti cha kufeli.

*

Mkewe alikuwa katibu muhtasi wa Mkurugenzi katika kampuni ya kusambaza vifaa vya hospitali, mwaka wa sita sasa. Mkurugenzi alikuwa mwanamke, na hapo ndipo fundi aliposhikwa pabaya. Angekuwa mwanamume, angejua pa kuanzia: angenuna, angefuatilia, angeita wazee wa pande zote mbili, wangekula, wangepayuka, yangekwisha. Lakini umwendee nani kumwambia kwamba mama mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenye shinikizo la damu na wajukuu wawili, amekunyang'anya mke?

Alimwambia dada yake. Dada mtu alikuwa anakaa nyumba ya tatu kutoka pale, na kila siku alikuja kuomba kitunguu akaondoka na habari. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Kaka, wenzio wanawake huletewa mke mwenza wakalia. Wewe mwanamume mzima na ndevu zako umeletewa, tena mke mkubwa ni yeye! Zamu yako lini? Jumapili?"

"Jumapili nusu. Kuanzia saa kumi jioni anapanga ya Jumatatu."

"Basi wewe ndiye nyumba ndogo."

Tangu siku hiyo fundi akamwita Mkurugenzi "mke mwenzangu", kwanza kwa mzaha, kisha mzaha ukachachuka ukawa wivu mtupu. Na wivu wake haukuwa wa rejareja. Ungeuweka kwenye birika, chai ingechemka bila kuni.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba aliyaona mapatano yao yakizaliwa. Mwaka wa kwanza wanawake wale wawili walikuwa kama paka na maji. Mkurugenzi alikuwa akiahidi watu kwa mdomo wake koridoni, saa moja akiwapa watu watatu. Katibu naye alikuwa akimpangia vikao mfululizo bila nafasi hata ya kwenda msalani. Mkewe alikuwa akirudi nyumbani analia, na fundi alikuwa akimfuta machozi. Enzi hizo alikuwa na kazi ya maana.

Halafu siku moja wakajifungia kutwa nzima, wakatoka na sheria zao. Mkurugenzi haahidi mtu tena. Kila anayemtaka apitie kwa katibu. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, Mkurugenzi anatuma mambo yaliyomfikia usiku, kwa namba, na katibu anajibu kila namba kwa neno moja: kubali, sogeza, au kataa. Neno likishatoka, Mkurugenzi analitekeleza bila kuuliza sababu. Saa mbili kasorobo wanafunga mlango kwa robo saa, wanaambiana yote. Hata Mkurugenzi akijisikia kulia anasema, atengewe nafasi kabla ya kikao cha fedha.

Machozi ya mkewe yakakauka. Fundi akabaki na kitambaa mkononi, hana wa kumfuta.

*

Asubuhi iliyofuata mkewe alikuwa anaoga. Simu ilikuwa juu ya kitanda, na namba zake za siri fundi alizijua. Alipewa na mwenyewe siku moja mkewe alipokuwa na unga mikononi. Hakuwahi kuzitumia vibaya. Simu ikatetemeka. Saa kumi na mbili na nusu kamili, kama kawaida.

Alitaka kutazama tu. Aliona namba moja, namba mbili, namba tatu, na hakuzisoma sawasawa, maana jicho lake liliruka mpaka mstari wa mwisho: *Nasubiri neno lako.*

Akausoma mara mbili. Miaka kumi na minane ya ndoa, ni nani aliyewahi kusubiri neno lake yeye? Wateja wake walikuwa wanasubiri makochi. Mkewe alikuwa hasubiri chochote, akiuliza "tule nini leo?" tayari mwenyewe ameshainjika sufuria. Na huko kuna mtu mzima, na gari lake na dereva wake, ameshika simu anasubiri neno, na neno hilo liko humu chumbani mwake, linaoga.

Kidole kilichofungwa kitambaa kilikuwa kinene, kikamkosesha herufi mara mbili. Akaandika kwa kidole gumba: *1 Kataa. 2 Kataa. 3 Kataa.*

Alitegemea kitu kimoja, nacho ndicho alichokuwa akikitamani: kwamba yule mama atashtuka, atapiga simu, atauliza. Aulize hata mara moja tu! Simu ikajibu neno moja: *Sawa.*

Mlango wa bafu ukalia. Fundi akafuta vyote, ujumbe na majibu, akairudisha simu kwenye shuka kama ilivyokuwa.

"Mama hajaandika leo?" mkewe aliuliza akijipaka mafuta.

"Kimya."

"Afadhali. Amelala kweli."

*

Mkewe alirudi nyumbani saa tisa mchana, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu siku ya msiba wa mama yake. Fundi alikuwa barazani, mdomoni ana pini tano, anapigilia godoro la kochi. Mkewe hakupandisha sauti. Alivuta kigoda akaketi mbele yake, mkoba mapajani.

"Toa pini mdomoni."

Akazitoa.

"Uliandika nini kwenye simu yangu?"

Fundi alitazama pini zake mkononi. "Nilitaka nione kama atauliza."

"Hakuuliza."

"Ndicho kilichoniuma!"

"Wewe umeumia?" Mkewe akamtazama kama mtu anayetazama bei asiyoiamini. "Sikia basi nikuhesabie. Namba moja, wanunuzi wa hospitali tatu, wametoka mbali, waliomba watie sahihi leo saa nne badala ya kesho kwa sababu usafiri wao ni wa mchana. Mkataba wa mwaka mzima. Na robo saa yetu leo hatukukaa, nilimwacha mama alale. Wamekataliwa, wamekwenda kwa wenzetu mtaa wa pili, wametia sahihi huko. Namba mbili, mkuu wa fedha alitaka kuja kumweleza mama hayo hayo. Kakataliwa. Namba tatu, dereva aliomba ruhusa ampeleke mama yake kliniki ya macho. Miadi ya miezi mitatu. Kakataliwa naye."

"Dereva sikumjua..."

"Ungemjuaje? Ulisoma?"

Fundi akaliegemea kochi. Kochi nalo likatoa mlio, springi moja imechomoka.

"Nitakwenda niseme ni mimi," alisema mwishoni. "Nitasimama kiume."

"Usithubutu!" Hapo ndipo sauti ilipompanda. "Nimeshasema ni mimi. Nimesema nilikuwa na usingizi, nikabonyeza vibaya. Katibu akikosea anaandikiwa barua ya onyo, anakula aibu yake, anaendelea. Katibu ambaye simu yake inachezewa na mumewe haonywi. Anaondolewa, maana hapo si kosa tena, ni siri za ofisi zimelala kitanda kimoja na mtu wa nje. Umenielewa?"

"Mimi ni mtu wa nje?"

"Kwa mambo ya ofisi, ndiyo."

"Na sasa itakuwaje?"

"Alhamisi saa nne nahojiwa, mama na afisa utumishi. Nitasema nililosema, watanipa barua, basi. Wewe kazi yako ni moja tu, na haihitaji ufundi. Nyamaza."

*

Alhamisi mkewe alitoka nyumbani mapema mno, akasahau miwani kwenye meza ya kulia. Fundi aliiona saa tatu. Aliizunguka kama kuku anayezunguka punje asiyoijua. Dada yake akaingia na sahani ya kuombea kitunguu.

"Unaitazamia nini?"

"Kaisahau. Na leo atapewa karatasi asaini."

"Mpelekee basi, kaka. Au unaogopa kukutana na mke mwenzio?"

Lisingesemwa hilo, huenda angekaa. Lakini tangu siku ile alikuwa akijitafuna kwa wazo moja: kwamba leo wale wawili watakaa chumba kimoja, mlango umefungwa, wazungumze kosa lililotoka chumbani mwake yeye, na yeye asiwepo. Alivaa shati la harusini, lile ambalo vifungo vyake viwili vilikuwa vimeshindana na tumbo vikashindwa, akashika njia.

Mapokezi, binti aliyekaa nyuma ya kioo alimtazama kuanzia kwenye vifungo.

"Una miadi?"

"Namletea katibu wa Mkurugenzi miwani yake."

"Ghorofa ya Mkurugenzi hapandi mtu bila miadi. Na miadi anapanga katibu wake."

"Huyo katibu ni mke wangu."

"Hongera. Basi ungemuomba nyumbani."

Mlinzi akacheka, akageuza kicheko kikawa kikohozi. Fundi akakaa kwenye benchi. Alikuwa fundi, akalipapasa: sponji rahisi, limeshalala upande mmoja, limepigiliwa na mtu mwenye haraka. Hata hilo halikumpa raha. Watu waliingia, wakataja majina yao, binti akatazama orodha, wakapanda. Orodha ile aliitambua kwa mbali, mwandiko wa mkewe, mstari kwa mstari, robo saa kwa robo saa. Mtaa mzima ulikuwa na nafasi humo. Yeye hakuwamo.

Saa nne na dakika ishirini simu ya mapokezi ikalia. Binti akasikiliza, akataja habari ya mtu wa miwani, akabadilika uso. "Mkurugenzi anasema upande."

*

Fundi alikuwa amejijengea kichwani mwanamke wa kimo cha kabati. Alimkuta mama mfupi, amevua viatu chini ya meza, miguu imevimba, ana shali begani. Upande mmoja alikaa afisa utumishi, mwanamume mwembamba mwenye faili. Mkewe alikuwa amekaa mbele yao, mgongo umenyooka. Alipomwona mumewe rangi ikamtoka.

"Karibu, shemeji," Mkurugenzi alisema. "Tumekusumbua. Tulikuwa tunamalizia."

Na kweli walikuwa wanamalizia. Barua ya onyo ilikuwa mezani, imeshachapwa, nusu ukurasa. Iliyobaki ni sahihi. Afisa utumishi alikuwa ameshafunika kalamu yake.

Fundi alitoa miwani mfukoni, akaifuta kwa shati, akamkabidhi mkewe. Mkewe akaipokea kwa mikono miwili, macho yanamwambia: *asante, toka.*

"Umefanya vizuri kuileta," Mkurugenzi akasema, kwa wema kabisa. "Akiikosa hiyo, ikifika saa sita kipandauso kinamwanza, halafu anajifanya mzima. Jana nimemzimia taa humu ndani alale dakika kumi."

Fundi alibaki mkono hewani. "Kipandauso gani?"

"Cha kwake. Si anacho?"

"Tangu lini?"

Mkurugenzi akamtazama katibu wake, akaona amekosea, akataka kurudi nyuma. "Ah, si kitu kikubwa, shemeji..."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa nne sasa," mkewe akasema kwa sauti ndogo. "Nilikwambia mara ya kwanza. Ulikuwa na oda za harusi."

Kichwa cha mkewe, alicholala nacho mto mmoja, kilikuwa kinapasuka miaka minne, na anayekijua, anayekizimia taa, ni huyu. Fundi akalivuta shati kwenye vile vifungo vilivyoshindwa.

"Basi kwa kuwa unamjua hivyo," alisema, "ungejua kwamba hakuandika yeye."

Mkurugenzi akaweka viganja viwili juu ya meza.

"Shemeji," alisema taratibu, neno moja moja, kama mtu anayemshusha mtoto kutoka juu ya ukuta, "miaka sita hajawahi kukataa mambo matatu kwa mkupuo. Lakini amesema ni yeye, nami neno lake nimelipokea. Wewe umeleta miwani. Umeshaileta. Ulikuwa unaondoka."

Mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Afisa utumishi alikuwa anatazama dirishani, anahesabu njiwa. Hata yeye alikuwa amempa nafasi. Hatua nne tu, na fundi angekuwa koridoni, na mkewe angesaini.

Lakini yule mama alikuwa amejua. Amejua bila kuambiwa, tangu mwanzo, kama alivyojua kipandauso. Basi kiko kitu gani cha mkewe ambacho huyu hakijui, abaki nacho yeye?

"Ni mimi!" fundi akasema, na akajipiga kifua kwa kidole kilichofungwa kitambaa. "Mimi ndiye niliyeandika. Hilo hakuniambia mtu, nalijua mwenyewe!"

Mkewe akafumba macho. Afisa utumishi akageuka kutoka dirishani, bila furaha yoyote, akafunua kalamu.

"Rudia, mzee," alisema. "Sasa itabidi niandike."

*

Mkewe walimpeleka masjala, chumba cha chini chenye mafaili na vumbi. Mshahara haukuguswa, ila marupurupu ya simu yalikatwa, na simu yenyewe, iliyokuwa ya kampuni, ikarudishwa. Mkurugenzi aliletewa katibu mwingine, kijana mwenye vyeti vingi, ambaye wiki ya kwanza alimpangia vikao saba mfululizo.

Fundi alipata alichokitaka. Saa kumi na dakika ishirini kila siku mkewe alikuwa mlangoni. Jumapili ilikuwa yao nzima. Alimchemshia maji, alimzimia taa hata pale ambapo kichwa hakimuumi, alimuuliza "vipi?" mpaka neno likaisha ladha. Mkewe alijibu kila kitu, kwa adabu, kama anavyojibiwa mteja kupitia kile kioo cha mapokezi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuwa ameshaamka, amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, na fundi aliyekuwa akijifanya amelala alimtazama, akaona wivu upya. Zamani alimwonea wivu kwa kile mkewe alichokuwa nacho huko. Sasa alimwonea kwa kile anachokikumbuka, na hicho hakikuwa na simu ya kufuta.

Mwezi wa pili tangu hapo, mteja mmoja, mama muuza vyombo, alikuja akasimama barazani, mikono kiunoni.

"Fundi, kochi langu."

"Kesho, mama. Limebaki kitambaa."

"Kesho ya lini? Hii ni ya nne. Nimekaa na wakwe chini kama niko msibani!"

Alipoondoka na matusi yake, mkewe, aliyekuwa anaanika nguo, aliendelea kuanika. Fundi akatafuna pini.

"Nipangie," alisema ghafla.

"Nini?"

"Kazi zangu. Kama ulivyokuwa unampangia yule."

Mkewe akabana kibanio cha mwisho, akaingia ndani, akarudi na daftari la shule lililobaki kurasa chache. Akaketi kwenye kochi lisilo na kitambaa.

"Una kazi ngapi mkononi?"

"Kama nne hivi."

"Umemwahidi nani lini?"

"Ah, wanaelewa tu. Huyu wiki ijayo, huyu mwezi ujao..."

Mkewe akafunga daftari. Hakulifunga kwa hasira.

"Siwezi," alisema. "Siwezi kumpangia mtu anayenificha. Unaniuliza miaka yote yule alinipa nini. Hakunipa kitu. Hakunificha kitu. Akiharibu, nilikuwa wa kwanza kujua. Basi, ni hilo tu, hakuna uchawi mwingine."

Akainuka. Fundi alitazama kochi, akatazama mengine yaliyorundikana chini ya turubai, ambayo mkewe aliyapita kila siku akidhani ni mabovu ya kuchoma.

"Tisa," alisema.

Mkewe akasimama.

"Makochi tisa. Na yote nimeahidi kesho."

"Tisa?"

Fundi akameza mate. Jasho lilimtoka kuliko siku ile ofisini.

"Kumi na moja," alisema. "Mawili yako kwa dada, nimeyaficha. Na la huyu mama aliyetoka sasa hivi, kitambaa chake nimekikata vibaya, hakitoshi. Nimekaa nacho wiki tatu, namwogopa."

Mkewe akaketi tena, taratibu, akalifungua daftari juu ya goti.

"Tuanze na huyo unayemwogopa," alisema. "Anakaa wapi?"